Kutoka ratili hadi trei: Bucha lilivyobadilika na maneno lililoyabeba

Majuzi nilikuwa katika duka moja kubwa la kujihudumia jijini Nairobi, nimesimama mbele ya jokofu refu la nyama. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mzee, mtu wa Mombasa kwa lafudhi yake, akizungumza na kijana aliyevaa koti jeupe.

"Mwanangu, nipatia sarara ya ng'ombe, ratili mbili hivi."

Kijana akamtazama kwa heshima lakini kwa mashaka. "Pole mama, hiyo hatuna. Tuko na steki, tuko na ya mifupa, tuko na ya kusaga. Zote ziko hapo kwa trei."

Sarara ilikuwepo. Ilikuwa imelala kwenye trei ya tatu kutoka kushoto, imefunikwa kwa plastiki, imebandikwa jina la Kiingereza na bei ambayo mimi mwenyewe niliisoma mara mbili. Nilimwonyesha mama, akaichukua, na nitawaambia baadaye alifanya nini nayo. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani niliendelea kuwaza kwamba watu wawili, wote wasemaji wazuri wa Kiswahili, wameshindwa kuelewana juu ya kipande cha nyama kilichokuwa mbele ya macho yao. Kijana hakuwa na kosa, kwani hakuna aliyewahi kumfundisha neno hilo kazini. Mama naye alitumia maneno yaliyomo kwenye kamusi zetu. Kilichowatenganisha ni historia ya jinsi nyama inavyouzwa, na historia hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame leo.

Tuanze na jina la mahali penyewe. Neno bucha limetoka katika Kiingereza, hilo halina ubishi. Lakini tazama lilivyogeuka njiani. Kwa Kiingereza neno hilo ni la mtu: yule anayechinja au kukata nyama na kuiuza. Waingereza nao walilipata kutoka Kifaransa cha kale, ambako lilitokana na neno lenye maana ya beberu, yaani mbuzi dume. Kwa hiyo bucha wa kwanza alikuwa mchinja mabeberu. Lilipofika kwetu, neno likaacha mtu likashika jengo. Bucha ni duka. Mtu tukamwachia majina ya kuunga: mwenye bucha, mtu wa bucha, muuza nyama. Wengine husema buchari au bucheri, wakifuata lile neno la Kiingereza lililoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Waliopendekeza duka la nyama hawakukosea, ila barabarani hakuna anayemtuma mtoto "duka la nyama". Anamwambia, "Kimbia hapo bucha uniletee nusu."

Sasa tuingie ndani. Wasomaji wa umri wangu wanalikumbuka bucha la mji mdogo lilivyokuwa. Chumba kimoja, ukuta umepakwa chokaa au rangi nyeupe, dirisha lenye wavu wa kuzuia nzi. Juu kuna bomba la chuma lenye kulabu, na kwenye kulabu inaning'inia nusu ya ng'ombe, ngozi imechunwa, ubavuni kuna muhuri wa rangi ya zambarau. Muhuri huo ulikuwa wa bwana afya, na mama zetu walijua kuutafuta kwa macho kabla ya kuuliza bei. Chini kuna gogo, kipande cha shina la mti mgumu ambacho kwa miaka mingi kimekatiwa nyama hadi kikawa na bonde katikati. Juu ya gogo kuna shoka, panga na kisu. Kwenye kaunta kuna mizani na mawe yake.

Jokofu halikuwepo, au lilikuwepo likawa kabati tu kwa sababu umeme haukuwa umefika. Jambo hili moja ndilo lililotawala mengine yote. Bila jokofu, mnyama aliyechinjwa alfajiri ni lazima aishe kabla ya usiku au kesho yake mapema. Kwa hiyo bucha lilikuwa na saa zake. Asubuhi walikuja wenye hoteli na wenye pesa, wakachagua paja, sarara na maini. Mchana waliingia walimu na makarani. Jioni, watu walipotoka kibarua, zilibaki shingo, mbavu zenye mifupa mingi, kongoro, na matumbo. Bei haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua. Na ukutani palikuwa na lile tangazo maarufu la kwamba leo ni pesa, mkopo kesho, huku chini ya kaunta kukiwa na daftari lililojaa majina ya waliokopa jana.

Ununuzi wenyewe ulikuwa mazungumzo. "Hii ni ya leo?" "Ya leo, mama, hata bado ina joto." "Usiniwekee mfupa mingi." "Mama, ng'ombe hutembea kwa mifupa." "Basi niongezee kipande hapo." Kipande hicho cha mwisho kilichotupwa juu ya mizani baada ya kipimo kutimia kiliitwa nyongeza, na huko pwani wengine walikiita bakshishi. Nyama ikafungwa kwa karatasi ya kaki au kwa gazeti la juzi. Ndiyo, gazeti. Makala nyingi za lugha zilizoandikwa kwa bidii zimemaliza safari yake zikiwa zimelowa damu ya mbuzi, na sioni aibu kulisema. Mimi mwenyewe nilianza kusoma habari za siasa kwenye karatasi za kufungia nyama, nikizinyoosha mezani kabla mama hajaziwashia jiko.

Katika mazungumzo hayo ndimo msamiati ulimokaa. Ili upate unachotaka, ilibidi ukitaje. Sarara ni ile nyama laini ya mgongoni, kando ya uti. Kidari ni kifua. Mnofu ni nyama tupu isiyo na mfupa. Nundu ni lile pande la mafuta begani mwa ng'ombe wetu wa kienyeji. Shahamu ni mafuta ya mnyama, neno tulilolipata kwa Waarabu. Uboho ni ule ute mtamu ulio ndani ya mfupa, ambao watoto walipigania kuunyonya. Bandama, figo, firigisi: kila kiungo na jina lake, na kila jina na bei yake. Mnyama mwenyewe hakuwa "ng'ombe" tu. Kulikuwa na fahali, mtamba, ndama, na maksai, yule dume aliyehasiwa ambaye nyama yake ndiyo iliyopendwa kuliko zote kwa kunona. Mtu asiyejua maneno haya aliuziwa shingo kwa bei ya paja.

Wapo watakaosema kwamba methali yetu ya mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama inahusu nguvu au uwezo tu. Mimi nikiwa mtoto pale buchani niliielewa kwa njia yake rahisi kabisa: mwenye kisu alikuwa upande ule wa kaunta, na ulimi wangu ndio uliokuwa kisu changu cha upande huu.

Vipimo navyo vina hadithi. Ratili ni neno la Kiarabu lililoingia katika biashara ya pwani kabla ya ukoloni. Kamusi ya Johnson ya mwaka wa 1939 inalo, na inalieleza kuwa ni uzito unaokaribia ratili ya Kiingereza, yaani kiasi cha gramu 450. Kwa hiyo yule mama aliyetaka ratili mbili alitaka nyama pungufu kidogo ya kilo moja. Waingereza walipoleta mizani yao, hawakuhitaji neno jipya, kwa maana kipimo chao kilikuwa karibu sana na kile tulichokuwa nacho. Neno likapanda bara na reli na maduka ya Wahindi, hata nimewasikia wazee wa Kikuyu wakisema "ratiri". Baada ya uhuru, Kenya ilipohamia vipimo vya kilo, ratili ikastaafu polepole. Ilichoacha nyuma ni sehemu za kilo, nazo pia zina asili ya Kiarabu: nusu na robo. Hivyo tunapoagiza "robo", tunaitumia hesabu ya wafanyabiashara wa zamani kupima kwa kipimo cha Wafaransa nyama iliyouzwa katika duka lenye jina la Kiingereza.

India nayo haikukosa kuchangia. Nyama ya kusaga tunayotia ndani ya sambusa, watu wa pwani huiita kima, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Lakini Kiswahili kilikuwa tayari na kima mwingine, yule tumbili wa msituni, na kima ya tatu, kutoka Kiarabu, yenye maana ya bei au thamani. Mgeni kutoka bara aliyealikwa kula "sambusa za kima" ana haki ya kusita kidogo. Na mfanyabiashara anayeuliza kima cha kima cha kima hajakosea sarufi, ingawa nampa pole kwa mlo wake.

Kuna jambo jingine ambalo bucha la zamani lilitufundisha, nalo ni kuishi pamoja. Kiswahili kina maneno makali kwa mnyama aliyekufa bila kuchinjwa: kibudu, nyamafu, mzoga. Ukiuziwa nyamafu umedhulumiwa, awe wewe ni Mwislamu au Mkristo. Katika machinjio mengi ya Kenya, mpaka leo, anayeshika kisu ni Mwislamu, ili nyama iwe halali kwa kila atakayeila. Hakuna mteja Mkristo anayelalamika. Huo ni mkataba wa kijamii ambao haukuandikwa na wabunge, umeandikwa kwa kisu, na neno halali limekuwa la watu wote.

Hata hivyo, tusiyapambe ya zamani kupita kiasi. Nyama iliyofika kwenye kulabu zile ilikuwa na siasa nyuma yake, na baadhi ya siasa hizo zilikuwa chungu.

Mwaka wa 1938, kampuni ya Liebig, iliyokuwa na sifa ulimwenguni kwa dondoo la nyama na nyama ya mkebe, ilifungua kiwanda Athi River. Kiwanda kinahitaji ng'ombe, na ng'ombe wengi wa bei ya chini. Wakati uohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikidai kwamba Wakamba wana mifugo mingi kuliko ardhi inavyoweza kubeba, na kwamba ndiyo inayoleta mmomonyoko wa udongo Machakos. Ikaanza kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu na kuwapiga mnada kwa bei ya kutupa, na kiwanda kile kikawa miongoni mwa wanunuzi. Wakamba waliona wazi uhusiano uliopo kati ya udongo unaosemwa na mkebe usiosemwa. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, maelfu yao, wanaume kwa wanawake, walienda Nairobi na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana, Robert Brooke-Popham. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini serikali ililegeza kamba, na mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu ukaachwa mwaka uohuo.

Leo hii, ukitaka kwenda kwenye soko kuu la zamani la Nairobi, lile la City Market lenye mabucha ndani yake, utapita Barabara ya Muindi Mbingu. Sijui ni wangapi kati ya wanaobeba kilo zao pale huinua macho wakasoma kibao cha barabara na kukumbuka kwamba mwenye jina hilo alitengwa na watu wake kwa sababu ya ng'ombe.

Mambo ya kiwanda hayakuishia hapo. Mnamo Septemba 1947, wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands waligoma, polisi wakafyatua risasi, na watatu wakauawa. Mwaka wa 1950 serikali iliunda Tume ya Nyama ya Kenya, ambayo ilichukua kiwanda cha Athi River na kwa miongo mingi ikawa ndiyo mnunuzi mkubwa wa ng'ombe wa wafugaji. Ilipodhoofika na kufunga milango, hadi ikafufuliwa mwaka wa 2006, machinjio ya watu binafsi ndiyo yaliyolisha miji. Bucha la kona ya mtaa unaloliona leo ni mtoto wa historia hiyo yote.

Je, trei ilitoka wapi? Haikuzaliwa hapa. Ilizaliwa Marekani, na ilichukua karibu miaka 100 kukua.

Huko pia zamani kila mtaa ulikuwa na mkata nyama wake, sakafu yake imemwagiwa vumbi la mbao la kunyonya damu, karatasi na uzi wa kufungia vikining'inia juu ya kaunta. Kisha Chicago ikaingia kati. Machinjio makubwa ya jiji hilo yalifunguliwa mwaka wa 1865, na mwishoni mwa miaka ya 1870 mfanyabiashara Gustavus Swift akaanza kusafirisha nyama iliyokwisha kuchinjwa kwa mabehewa yenye barafu. Wakata nyama wa miji mingine waliona riziki yao inaondoka. Mwaka wa 1886 waliunda chama cha kitaifa cha kujilinda, na jimbo la Minnesota likapitisha sheria ya kutaka mnyama akaguliwe akiwa hai ndani ya jimbo lenyewe saa 24 kabla ya kuchinjwa. Mwaka wa 1890 Mahakama ya Juu iliitupa sheria hiyo. Chicago ikashinda.

Mwaka wa 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambamo mteja alijichukulia bidhaa mwenyewe rafuni badala ya kumwomba mwuzaji. Unga, sukari na sabuni vilikubali utaratibu huo. Nyama ilikataa. Hadi miaka ya 1940, hata ndani ya maduka ya kujihudumia, ilibaki nyuma ya kaunta na mtu wake mwenye kisu. Shida ilikuwa rangi. Nyama hubaki nyekundu ikipata hewa. Ikiikosa hugeuka zambarau, na ikikaa sana hugeuka kahawia, na mnunuzi huikimbia. Palihitajika karatasi angavu inayozuia maji yasitoke lakini inayoruhusu hewa kidogo ipite, pamoja na majokofu yaliyo wazi kwa mbele. Vilipopatikana, trei ikaanza safari yake.

Wakata nyama wakapambana. Chicago, chama chao kilikuwa na mkataba uliozuia nyama mbichi kuuzwa baada ya saa kumi na mbili jioni, ili mafundi wasilazimishwe kufanya kazi usiku. Kampuni ya Jewel Tea ilikwenda mahakamani ikisema kwamba nyama iliyokwisha kufungwa haihitaji fundi kuwepo. Mwaka wa 1965 Mahakama ya Juu ilikipa chama haki. Lakini miaka miwili tu baadaye, 1967, kampuni ya Iowa Beef Packers ilianza kumkatakata ng'ombe kiwandani na kumpeleka madukani akiwa vipande ndani ya maboksi. Nusu ya ng'ombe haikuning'inia tena dukani. Mwaka wa 2000, wakata nyama wa duka moja kubwa huko Jacksonville, Texas, walipiga kura kujiunga na chama. Muda mfupi baadaye kampuni ikatangaza kwamba itauza nyama iliyokatwa na kufungwa viwandani. Fundi akageuka mpanga trei.

Ndiyo hali tunayoielekea sisi, ingawa hatujafika. Bucha la kona lingali hai, na sanduku jeupe la nyama lingali linapita nyuma ya bodaboda kila alfajiri. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 hata iliturudisha kwenye karatasi kwa muda. Na mnamo Julai 2019, taarifa ya uchunguzi ya runinga ilipodai kwamba baadhi ya maduka makubwa yanatia nyama kemikali ili ionekane mbichi, watu wengi walirudi mbio kwa mtu wa bucha wanayemjua kwa jina. Hawakuwa na hakika kwamba yeye ni msafi zaidi. Walikuwa na hakika kwamba wanaweza kumuuliza.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Trei haiulizwi. Mteja anayenyoosha kidole hahitaji kujua kidari wala sarara, na mwuzaji asiyeulizwa hahitaji kujua jibu. Neno lisipohitajika kwa kizazi kimoja, kizazi kinachofuata hulikuta kwenye kamusi tu, kama tunavyoikuta ratili. Sisemi turudi kwenye gogo na nzi. Jokofu limeokoa matumbo mengi. Ninachosema ni kwamba hakuna sheria ya maumbile inayotaka trei iandikwe kwa Kiingereza peke yake katika nchi ambayo katiba yake imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kibandiko kilicho na nafasi ya bei, tarehe na mistari ya kompyuta hakiwezi kukosa nafasi ya neno la herufi sita. Na mwalimu anayefundisha msamiati wa mwili wa mnyama angefanya vyema kuwapeleka wanafunzi bucha la karibu kabla ya kuwapa orodha ya kukariri. Mwenye bucha atawafundisha kwa nusu saa, na huenda akawapa nyongeza.

Niliahidi kuwaambia alichofanya yule mama. Aliichukua trei, akaigeuza atazame upande wa chini, ambao haukuonekana. Akaipima kwa kiganja, juu chini, juu chini, kama anayemrusha mtoto.

"Haifiki ratili mbili hii," akaniambia.

Nikasoma kibandiko: gramu 780. Alikuwa amesema kweli. Akairudisha mahali pake taratibu, akamuaga kijana kwa adabu, akaenda zake kutafuta bucha.